Mbwa wa Kiwanda cha Barafu

Watu wote walimwita Sufuri, na hakuna aliyekumbuka ni lini jina lake la kuzaliwa liliacha kutumika. Kazi yake ilikuwa kusimamia mitambo katika kiwanda cha barafu. Kila asubuhi, kabla hajaitikia salamu ya mtu, alikwenda kwanza kwenye kipimajoto kilichotundikwa ukingoni mwa tangi, akavaa miwani, akainama, akasoma. Kisha aligeuka na kutangaza, "Tumeshuka chini ya sufuri," na hapo ndipo alipokumbuka kusema marahaba. Wavuta barafu walimtania kwamba hata siku ya harusi yake alimpima kwanza bibi harusi ndipo akamwoa. Mkewe aliposikia utani huo alisema ni kweli tupu, na kwamba miguu ya mume wake kitandani ingeweza kugandisha samaki. Sufuri alicheka nao. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sikio moja lililouawa na kelele za mtambo wa kompresa, na vidole vilivyopauka kwa miaka thelathini na mmoja ya kushika vyuma baridi. Ilibaki miezi minne astaafu.

Kiwanda chenyewe hakikuwa na makuu. Lilikuwa banda refu la mabati, na ndani yake tangi la chuma lililojaa maji ya chumvi, kwa sababu maji ya chumvi hupoa kupita barafu yenyewe na bado yasigande. Ndani ya maji hayo walizamisha kalibu za bati zilizojaa maji safi ya bomba, wakafunika kwa mbao, wakasubiri. Maji ya ndani ya kalibu yalipoganda, walizinyanyua moja moja kwa mnyororo, na jiwe la barafu lenye uzito wa mtu mzima likachomoka na kuteleza sakafuni. Mabomba ya kupeleka ubaridi yalipita ukutani na kutoka jasho mchana kutwa. Jasho hilo ni maji safi. Wafanyakazi walilikinga kwa kikombe pale mbele, wakanywa, wakashukuru.

Kwenye nguzo ya mlangoni paliandikwa kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa zisizokaa sawa: MBWA ASIPEWE MAJI BARIDI. Mwandishi alikuwa Sufuri. Wageni waliokuja kununua barafu walicheka wakidhani ni mzaha wa wafanyakazi. Wafanyakazi hawakucheka, na wale waliokuwepo zamani hawakupenda hata kuulizwa.

Habari hiyo ilianzia mwaka wa kwanza wa Sufuri pale, alipokuwa bado kijana wa kufunika mawe ya barafu kwa unga wa mbao yasiyeyuke. Kiwanda kilikuwa na mbwa wa ulinzi aliyeitwa Polisi. Ulikuwa mwezi wa joto kali, ule ambao barafu hugombewa na kalibu hunyanyuliwa mara mbili kwa siku badala ya moja. Saa nane mchana Polisi alitokea nyuma ya tangi, mahali pembamba kati ya chuma na ukuta ambapo mtu wa kawaida hawezi kupita, mdomo wake ukichuruzika maji. Hakuja kwa watu. Alianza kuzunguka. Alizunguka mduara mmoja uleule, polepole, kichwa chini, macho wazi lakini hayaoni, na alipougonga ukuta alibaki ameuegemea kwa kipaji cha uso akiendelea kusukuma. Kisha akaanguka ubavu, na miguu yake minne ikaanza kukimbia. Alilala pale sakafuni akikimbia, akikimbia, kwenda huko alikokuwa anakwenda, mpaka alasiri miguu ilipotulia.

Fundi mkuu wa wakati huo, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, alichuchumaa akamgusa pua. Pua ilikuwa ya baridi kabisa.

"Kanywa baridi na mwili una moto," alisema. "Moyo umepasuka."

Nani angebishana naye? Alikuwa ameijua baridi kabla wengine hawajazaliwa. Sufuri alilimeza neno lile kama lilivyo na likakaa tumboni mwake.

Miaka saba baadaye ikawa zamu ya Tarumbeta, mbwa mweusi mwenye sauti ya kukera. Mwezi uleule, saa ileile, mahali palepale. Alizunguka, akaegemeza kichwa ukutani, akaanguka, akakimbia akiwa amelala. Safari hii fundi mkuu alikwishastaafu na mitambo ilikuwa mikononi mwa Sufuri, na ndipo alipochukua brashi na kuandika yale maneno mlangoni. Aliweka nusu pipa la maji nje ya lango, juani, ili mbwa wanywe maji ya vuguvugu yasiyoweza kuwadhuru. Aliwatazama walivyolinusa lile pipa, wakatia ulimi mara mbili tatu, wakaondoka. Wakaja kusimama mlangoni mwa banda. Kila mbwa aliyewahi kuwekwa pale alifanya hivyo wakati wa joto: anasimama kizingitini, habweki, hatikisi mkia, anatazama kule nyuma ya tangi. Ukipita mbele yake anapinda shingo ili aendelee kutazama.

Wa tatu alikuwa Kizibo. Naye ni mwezi huo, saa nane.

Sasa mtu akiona jambo limekuja mara tatu kwa mtindo mmoja, hata awe fundi wa mitambo, kichwa chake kitaanza kumpeleka pabaya. Sufuri hakuwa mtu wa kuamini mizimu, na ungemwambia hivyo angekuuliza kama umelala vizuri. Lakini mwezi wa joto ulipoingia alikuwa na tabia ambayo hakumwambia hata mkewe. Wenzake walipokwenda kula mchana, alikwenda hadi mwisho wa tangi, akaliegemea, akasema kwa sauti ya chini, "Mwaka huu hapana." Kisha alisikiliza. Umeme ulipokatika na kompresa ikanyamaza, mawe ya barafu yalianza kupasuka ndani ya kalibu, ko, kisha kimya, kisha ko-ko, mfano wa mtu anayebisha hodi kutoka chini ya mbao. Alijua sababu yake. Angeweza kukueleza sababu yake kwa kipimo na hesabu, na bado vinyweleo vya mikono vilimsimama.

Na kulikuwa na ile alama. Mwaka mmoja alimulika tochi kule nyuma akitafuta nati iliyoanguka, akaona ukuta umeota ukoko mweupe kuanzia chini, kama ukungu wa baridi. Katikati ya ukoko ule, usawa wa mdomo wa mbwa, palikuwa peusi, pamelambwa hadi saruji ikang'aa. Mistari ya ulimi ilionekana. Palikuwa pabichi. Wakati huo kiwanda hakikuwa na mbwa kwa miezi sita. Sufuri alizima tochi, na ile nati aliiacha hukohuko akafunga nyingine.

Mbwa aliyefuata, Bahasha, aliletwa na mpwa wa Sufuri. Huyu mpwa alikuwa binti wa dada yake, daktari wa mifugo, mwenye mikono ya nguvu na maneno machache, na alifanya kazi mji wa mbali. Miaka minne kabla ya siku ninayoisimulia alimletea mjomba wake mtoto wa mbwa wa kahawia ndani ya kapu, mwenye doa jeupe la pembetatu kwenye paji la uso, mfano wa kifuniko cha bahasha kilichobandikwa. Aliyaona maandishi ya mlangoni siku hiyo akaangua kicheko.

"Mjomba, nani kakudanganya?"

Sufuri alikasirika. Alimwambia mambo ya vitabuni ayaache chuoni, yeye amezika mbwa watatu kwa mikono yake. Binti alimwomba radhi kwa heshima, na tangu siku ile hawakulizungumza tena. Kila mwaka alikuja kumchoma Bahasha sindano ya kichaa cha mbwa, akasalimia, akala, akaondoka.

Bahasha alipendwa kuliko wale wote waliotangulia, na kwa sababu hiyo alifundishwa kuliko wote. Tangu mdogo, kila alipolisogelea tone la jasho la bomba, Sufuri alisema "Hapana" na kumpiga kitambaa cha mafuta mdomoni. Hakumuumiza, lakini hakuacha hata mara moja. Mwaka ulipokwisha Bahasha hakugusa tena maji yoyote ya banda lile. Kipande cha barafu kikiteleza mbele yake alirudi nyuma masikio yamelala. Wavuta barafu walisema mbwa huyu ana adabu kuliko wao.

Sasa siku yenyewe. Joto la mwezi ule lilikuwa limewatoa watu ulimi. Umeme ulikatika asubuhi, kompresa ikanyamaza, na kabla ya adhuhuri mawe yalikwishaanza kubisha chini ya mbao. Bahasha alikuwa amefungwa langoni penye kivuli cha bati, lakini tangu juzi alikuwa anavuta mnyororo kuelekea banda. Hakuvuta kwa fujo. Aliukaza tu mnyororo hadi mwisho, akasimama, shingo imenyooka, akitazama kule. Sufuri alimwona, akatoka na bisibisi akaufupisha mnyororo kwa hatua tatu, akaukaza kwenye nguzo ya lango, akajiambia mwaka huu lile tangi halimpati.

Kivuli cha bati kilisogea na jua. Mnyororo haukusogea.

Aliyemwona wa kwanza alikuwa Kidevu, mvuta barafu mwenye kidevu kirefu na moyo mwepesi. Saa nane kasoro alitoka kununua kitu cha kutuliza koo, na wakati wa kurudi akamkuta Bahasha amelala juani, ulimi umetoka mrefu na kupanuka ncha, ute umemshika midomoni, anahema haraka haraka na kwa sauti ya kukwaruza. Kidevu alikuwa na chupa ya soda ya machungwa mkononi, imetoka kwenye kasha la barafu la dukani wakati huohuo. Akapiga goti, akamimina kidogo kiganjani.

Sufuri aliiona chupa kutoka mlangoni. Miguu yake yenye miaka hamsini na saba ilikimbia uwanja mzima, na kofi lake likaipeleka soda ukutani.

"Unataka kumuua?"

"Mzee, mbona anakufa hivihivi?" Kidevu alisema, hana hasira hata kidogo, anashangaa tu.

Walimfungua, wakambeba hadi kivulini mwa banda, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Mwili wake ulichoma kupitia shati. Sufuri alilivuta lile nusu pipa la juani hadi karibu, akachota kwa mkono. Hata yeye alihisi maji yale yalivyokuwa ya moto. Bahasha hakuyatazama. Alikuwa amegeuza macho kule nyuma ya tangi. Ndani ya banda kitu kilibisha mara moja, kikanyamaza, kikabisha mara mbili.

Hapo ndipo mpwa alipoingia langoni na begi lake la chanjo.

"Shikamoo, Mjomba." Hakungoja jibu. Alikuwa amekwishapiga magoti, anamfunua mbwa mdomo, anatazama fizi zilizokuwa nyekundu kupita kiasi. "Amekaa juani muda gani?"

"Tangu asubuhi. Nilimfunga."

"Leta maji ya bomba. Tia kipande cha barafu, yapoe. Beseni mbili."

Kidevu aliondoka mbio. Sufuri hakuondoka. Alimshika mpwa wake mkono.

"Mama, nakuomba. Mpake maji tu, usimnyweshe. Nimeona kwa macho yangu. Anakunywa baridi, moyo unapasuka."

"Mjomba, nisikilize." Alisema polepole, kama watu wa kazi yake wanavyosema na wenye mifugo. "Joto ndilo linamuua sasa hivi. Maji baridi hayapasui moyo wa mbwa. Akibugia ndoo nzima kwa mkupuo anaweza kuvimba tumbo au kutapika, ndiyo maana tutampa kidogo kidogo. Kumnyima ndiko kutammaliza."

"Na soda?" Kidevu aliuliza, beseni mkononi, bado na dukuduku lake.

"Soda ni yako wewe. Mbwa anataka maji, hataki sukari."

Walimlowesha tumbo, mapaja na masikio, Kidevu akimpepea kwa kipande cha boksi. Kisha mpwa akasogeza beseni ya pili mdomoni mwake. Maji yalikuwa safi na kipande cha barafu kilielea ndani yake. Pua ya Bahasha iligusa maji, na kila mtu aliona koo lake likicheza kwa kiu. Akageuza kichwa upande wa pili. Masikio yakalala, mkia ukaingia miguuni, na kwa nguvu zake chache alimtazama Sufuri.

"Mbona anakataa?" mpwa aliuliza. "Mbwa wa hali hii hakatai."

Sufuri alijua. Mbwa alikuwa anangoja aambiwe hapana, na kwa kuwa hajaambiwa, alijikataza mwenyewe ili asimuudhi. Sufuri alisema, "Kunywa." Bahasha akazidi kulaza masikio. Akasema tena, kwa sauti laini, na mbwa akafumba macho akingoja kitambaa. Kuhema kwake kulianza kuacha nafasi katikati, na mpwa alikuwa ameweka vidole kwenye paja lake akihesabu mapigo bila kusema ni mangapi.

Hapo fundi mitambo wa kiwanda cha barafu alifanya jambo ambalo Kidevu analisimulia mpaka leo, na hajawahi kulisimulia kwa kucheka. Alilala kifudifudi sakafuni, uso kwa uso na mbwa, akatia mdomo kwenye beseni na kunywa. Alikunywa kwa ulimi. Miwani ilimdondoka ikaelea pamoja na barafu. Baridi ilimkata meno, na bado aliendelea, kwa kishindo, ili aonekane na asikike. Kisha akainua uso unaochuruzika.

"Kunywa, baba," alisema. "Tunakunywa wote. Ona, nimekunywa."

Bahasha alifumbua macho. Alinusa kidevu cha Sufuri kilicholowa, akakilamba. Akakilamba tena. Sufuri alirudisha mdomo kwenye beseni taratibu, na ule ulimi ukamfuata kutoka kidevuni hadi kwenye maji.

Alikunywa mikupuo mitano na mpwa akaondoa beseni. Akangoja, akairudisha. Mikupuo mitano tena.

Halafu wakasubiri, na saa ile ilikuwa ndefu. Sufuri aliweka kiganja kwenye mbavu za mbwa, mahali moyo ulipokuwa unagonga, akingoja upasuke. Hakuna neno la daktari lililoweza kumtoa katika kungoja huko. Kiwandani kulikuwa kimya kabisa, jua limesimama kwenye mlango, mabati ya paa yanalia kwa joto, na kule chini ya mbao zile hodi ziliendelea, moja, mbili, zikanyamaza. Bahasha alilala ubavu. Mguu wake wa mbele ulicheza. Kisha wa nyuma. Kisha yote minne ikaanza kukimbia.

Sufuri alitoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa mbele za watu. Ilikuwa miguu ya Polisi na miguu ya Tarumbeta. Kidevu aliacha kupepea akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa nguzo.

"Bahasha," mpwa aliita, kwa sauti ya kawaida tu.

Miguu ikatulia. Mbwa aliinua kichwa, akakung'uta masikio, akatazama kila mmoja wao kwa zamu, akarudisha kichwa chini na kuhema taratibu.

"Alisinzia," mpwa alisema. "Anaota. Mjomba, keti usije ukaanguka na wewe."

Ilipofika alasiri Bahasha alikuwa ameketi kitako, amelowa, ana aibu ya mbwa aliyeogeshwa. Kidevu alikwenda kuwaita wengine waje waone. Mpwa alimpa mjomba wake miwani yake, akasema kesho mbwa huyu apelekwe kliniki apimwe damu, maana joto likimshika mnyama hivyo huweza kumletea madhara baadaye. Kisha akauliza, "Wale watatu, walikufaje hasa?"

Alimweleza. Alieleza mduara, macho yasiyoona, kichwa kilichoegemezwa ukutani, miguu iliyokimbia. Mpwa alisikiliza bila kumkatiza, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo.

"Hilo si joto," alisema. "Na si baridi. Wote walikuwa wametoka kunywa wapi?"

Alimwonyesha. Binti alikuwa mwembamba. Alivua koti, akachukua tochi, akajipenyeza kati ya chuma na ukuta. Sufuri alisimama pembeni akiona mwanga ukicheza kule ndani, na ingawa alikuwa mtu mzima alitamani kumwambia atoke. Binti alikaa huko kitambo. Alipotoka magoti yake yalikuwa meupe na ncha ya kidole chake ilikuwa imelowa. Akakitia kidole mdomoni, akatema.

"Onja."

"Hayo ni jasho la bomba. Tunakunywa kila siku."

"Mbele ndiyo jasho. Huku nyuma onja."

Sufuri alionja. Ilikuwa chumvi kali, chumvi ya tangi, ile anayoipima kwa mikono yake kila Jumatatu.

Hakuhitaji kuelezwa zaidi, maana mitambo aliijua kuliko alivyoijua nyumba yake. Mwezi wa joto kalibu hunyanyuliwa mara mbili, kwa haraka, na kila inaponyanyuliwa maji ya chumvi humwagika ukingoni. Sakafu imeinama kwenda nyuma. Kule hakuna mtu anayepita, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeonja. Waliona maji yanang'aa, wakasema ni jasho, kwa sababu mbele ni jasho.

"Ukuta umelambwa," mpwa alisema. "Nani analamba?"

"Sijui. Hata pasipokuwa na mbwa panalambwa."

"Labda paka." Alitazama kule nyuma tena, kisha akaizima tochi. "Chumvi ikimzidi mbwa inapanda kichwani. Anazunguka, haoni, anakimbia amelala. Mwenye maji safi ya kumtosha hawezi kunywa uchafu ule, Mjomba. Ananusa anaacha. Lakini mwenye kiu, na maji yake ni ya moto..." Hakumalizia. Alikuwa amelelewa vizuri.

Sufuri aliketi juu ya kalibu iliyopinduliwa. Nje, wavuta barafu walikuwa wanamzunguka Bahasha na kumpigia makofi. Alivua miwani akaifuta kwa shati lililolowa, akaivaa, akaivua tena.

"Kizibo hakufa siku ile," alisema. "Nimewaambia watu wote alikufa alasiri. Alikaa mpaka kesho yake asubuhi."

Mpwa alichuchumaa mbele yake, upande wa sikio linalosikia.

"Asubuhi nilipokuja nilimkuta amefumbua macho. Ananiona kabisa, ananijua. Nikaketi chini karibu naye. Nilikuwa nimeweka jagi langu la maji ya barafu hapa miguuni. Akajikokota kwa tumbo. Ilimchukua muda mrefu sana kufika, kama robo saa. Akafika, akaweka mdomo kwenye jagi. Nikalinyanyua. Nikaliweka juu, asifikie. Nikamwambia, nakupenda, ndiyo maana. Hakulia wala nini. Aliweka kichwa juu ya kiatu changu, akalitazama lile jagi mpaka alipokufa."

Binti alimshika vile vidole vilivyopauka, vikiwa baridi mchana ule wa jua kali.

"Ningempa, angepona, mama?"

Alikuwa daktari na hakutaka kumdanganya, na alikuwa mpwa na hakutaka kumuua.

"Sijui, Mjomba," alisema. "Labda."

Sufuri aliitikia kwa kichwa, akaendelea kumtazama midomo, akingoja aseme neno jingine.